Siku Niliyomwita Makamu Dada

Nafundisha saikolojia ya elimu katika chuo kimoja cha ualimu hapa Mwanza. Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikisimama mbele ya wanachuo na kuwaeleza kwamba binadamu hajijui. Nawaambia kuna sehemu ya akili ambayo hata mwenyewe haioni, na kwamba mengi tunayoyafanya mchana kweupe, chuki zetu, woga wetu, hata kusahau kwetu, yanaamuliwa huko. Wanachuo huandika. Mimi hupata raha ya pekee ninapoyasema hayo, kwa sababu miaka yote hiyo sikuwahi hata mara moja kudhani kwamba yananihusu.

Yalimhusu mume wangu. Yeye ni fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha Nyakato, mtu wa maneno machache, na kwa bahati yake mbaya ni msahaulifu. Akirudi nyumbani Buhongwa bila mkate niliomwagiza, simwambii kwamba amesahau mkate. Namuuliza ana hasira gani na mimi.

"Sina hasira," anasema.

"Hiyo ndiyo yenyewe. Hasira usiyojua kwamba unayo."

Miaka ya mwanzo ya ndoa alikuwa akibishana. Siku hizi anageuza na kurudi dukani kimya kimya, na huo ukimya nao nina jina lake la kitaalamu.

Basi, mwanzoni mwa muhula mmoja tukaletewa makamu mpya wa mkuu wa chuo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya taratibu na viatu vya chini visivyopiga kelele. Mkuu wa chuo alimleta ofisini kwetu wakufunzi, akatutambulisha, naye akatupa mkono mmoja mmoja. Aliponifikia alitabasamu, akasema amefurahi kunifahamu. Nami nikamchukia. Hata mkono wangu alikuwa hajauachia.

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Mimi, mtaalamu, nilijiuliza yeye ana tatizo gani. Nikalipata kabla ya saa nne ya chai. Alikuwa akivaa funguo za ofisi shingoni, kwa utepe wa bluu, na kila alipotembea zilikuwa zikicheza kifuani. Kabati la karatasi na chaki, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa wazi kama kisima cha kijiji, yeye alilifunga siku ya pili tu. Ukitaka karatasi, unamwendea, anafungua, unasaini daftari, anafunga.

"Huyu mama hakupendwa utotoni," nilimnong'oneza mwenzangu wa hisabati ambaye meza yake iko jirani na yangu. "Ana kiu ya madaraka. Zile funguo ndizo zinazomfanya ajione mtu."

"Umemfahamu kwa siku ngapi?"

"Mbili."

"Mimi naona ni mtu wa kawaida anayetunza karatasi."

"Ndiyo maana wewe unafundisha hisabati," nikamwambia.

Jambo la kwanza alilolitaka makamu kwa kila mkufunzi ni azimio la kazi, ule mpango wa somo lako kwa muhula mzima. Ni karatasi ambayo nimeiandaa kila mwaka tangu niajiriwe, naweza kuiandika huku napika. Alitupa wiki moja. Wiki ilipoisha, nikawa nimesahau flashi nyumbani. Akanipa siku tatu. Siku ya tatu nikawa nimeichapa, nikaiweka juu ya friji nisiisahau, nikaisahau juu ya friji. Mara ya tatu niliifikisha kweli ofisini kwake, akaifungua ukurasa wa kwanza, akanirudishia kwa mikono miwili. Ilikuwa ya mwaka uliopita.

"Hakuna shida, Madamu," alisema. "Utaniletea."

Ule upole wake ulinichoma kuliko ambavyo ukali ungenichoma. Nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba ananionea.

Wiki hiyo hiyo ratiba iliniangukia mada ya kusahau. Nikafundisha vizuri sana. Niliwaeleza wanachuo kwamba mara nyingine kusahau si bahati mbaya, kwamba mtu husahau miadi na mtu asiyetaka kumwona, husahau jina la anayemwonea wivu, hupoteza barua asiyotaka kuijibu. Kuna binti mmoja kutoka Geita, mpole, anakaa karibu na dirisha na huuliza swali moja kwa mwezi. Siku hiyo akanyoosha mkono.

"Madamu, majaribio yetu ya wiki ya kwanza ulisema utayarudisha Jumatatu. Ukasahau. Ukasema Alhamisi, ukasahau tena." Hakuwa anatania, alikuwa anataka kuelewa. "Hapo akili yako inakuwa inakataa nini?"

Darasa zima lilinyamaza kwa furaha. Nikamwambia swali lake ni zuri, ila kuna kusahau kwa ndani na kuna kusahau kwa sababu ya kazi nyingi, na kwamba mtaalamu ndiye anayeweza kutofautisha. Akaandika. Nilimwona akiandika neno "mtaalamu" na kulipigia mstari.

Halafu ukaja mkutano wa wakufunzi.

Ulikuwa mkutano wa kawaida wa Jumatano, baada ya vipindi vya asubuhi. Tulikuwa kama ishirini hivi. Ajenda ya tatu ilikuwa matumizi ya vifaa, na makamu akasema, kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka, kwamba rimu moja ya karatasi haijaandikwa kwenye daftari. Hakumtaja mtu. Hakumtazama mtu. Alisema tu kwamba aliyeichukua apite ofisini wakati wake asaini, ili hesabu ikae sawa, kisha akafungua ukurasa wa ajenda ya nne.

Nikasimama.

Mpaka leo sijui nani alinisimamisha. Nilikuwa na hotuba nzuri kichwani kuhusu utu wa mkufunzi na kuaminiana mahali pa kazi. Nilikuwa nimeipanga tangu kabati lilipofungwa, na ilikuwa inaanza na maneno, "Ndugu makamu, kwa heshima zote." Nikafungua mdomo. Kilichotoka, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa darasa la pili, kilikuwa hiki:

"Dada, mimi sijala sukali!"

Siyo sukari. Sukali. Mimi ni mtu wa Mara, wa ufukweni, na nyumbani kwetu herufi hizo mbili hazikuwa na mpaka. Nilipambana nazo sekondari, nikapambana nazo chuoni, na kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna mtu aliyenisikia nikiteleza. Siku hiyo ziliteleza zote mbele ya wakufunzi ishirini na mkuu wa chuo.

Watu walinitazama. Mwenzangu wa hisabati alikuwa ameinamisha kichwa mezani na mabega yake yakitikisika. Makamu alishusha miwani.

"Sukari gani, mwalimu?"

Nikasema nilimaanisha karatasi. Nikasema nina malaria kidogo. Nikakaa. Mkuu wa chuo, Mungu ambariki, akauliza kama kuna mwenye la kuongezea kwenye ajenda ya tatu, na hakuna aliyekuwa nalo.

Mtu mwenye aibu ya kawaida angekwenda nyumbani akajifunika shuka. Mimi nilikwenda nyumbani nikachukua karatasi na kalamu tatu za rangi, kwa sababu kufikia getini nilikuwa nimeshatambua kwamba nimepata bahati ambayo wataalamu wengi hufa bila kuipata. Akili yangu iliyofichika ilikuwa imesema hadharani. Ilibaki kazi ya kuisoma tu.

Nayo ilisomeka kwa urahisi ajabu. Nilipokuwa na miaka saba, mama yetu alivuka kwenda Ukerewe kumuuguza bibi, akakaa huko karibu mwaka mzima. Baba alikuwa mvuvi na mzee wa kanisa, mtu wa fimbo. Dada yangu, kifungua mimba, mwenye miaka kumi na mitano, ndiye aliyekuwa mama wa nyumba. Sukari ilikuwa adimu miaka ile. Ilikuwa ikihifadhiwa kwenye kopo la maziwa ya unga ndani ya kabati, kwa ajili ya mchungaji na wageni wa mchungaji, na ufunguo wa kabati dada aliuvaa shingoni kwa kamba ya katani. Siku moja kopo lilikutwa nusu. Nilikumbuka yote. Nilikumbuka dada akinibana kidevu kwa nguvu mpaka nikashindwa kufumba mdomo. Nilikumbuka fimbo, na miguu ilivyowaka. Nilikumbuka nikipiga kelele kwamba sijala sukari, na hakuna aliyenisikiliza.

Kwa hiyo: ufunguo shingoni, mwanamke mkubwa kuliko mimi, kabati lililofungwa. Makamu wa watu hakuwa amefanya lolote. Nilikuwa nimechukua hasira niliyokuwa nayo kwa dada yangu, nikamhamishia yeye. Jambo hili huwa nalifundisha kila mwaka, na lina alama kumi kwenye mtihani.

Nilimwonyesha mume wangu karatasi yenye mishale.

"Kwa hiyo kosa ni la dada," alisema.

"Si suala la kosa. Ni suala la jeraha."

"Jeraha lililosababishwa na dada."

"Ukilisema hivyo linakuwa jepesi."

Akatazama ile karatasi kwa muda, akaigeuza upande wa pili kuona kama kuna kitu kimeandikwa, akanirudishia.

Wiki iliyofuata niliipeleka habari ile darasani. Sikusema ni mimi. Nilisema kuna mtoto fulani ninayemfahamu, alisingiziwa kuiba sukari, akachapwa bila hatia na mtu aliyempenda, na alipokuwa mtu mzima akawa hawezi kufanya kazi na mwanamke yeyote mwenye funguo. Nilisimulia kwa hisia. Wanachuo wawili walifuta macho, na sikuwazuia. Mwishoni yule binti wa Geita akanyoosha mkono, ingawa swali lake la mwezi lilikuwa limeshaisha.

"Madamu, huyo mtoto amewahi kukaa na dada yake wakaongea?"

Nikasema bado.

"Kwa hiyo dada yake anajuaje kwamba anahitaji kusamehewa?"

Niliona hapo ndipo pa kufikia. Kulikuwa na mapumziko ya katikati ya muhula siku chache mbele. Ningekwenda nyumbani nikamsamehe dada yangu, kwa utulivu na kwa lugha nyepesi, kama mtu aliyesoma. Nilijiona mwema kiasi kwamba njia nzima, kuanzia stendi ya Nyamhongolo, kupita Magu, mpaka Lamadi, nilikuwa nikifanya mazoezi ya sura ya kusamehe kwenye kioo cha dirisha la basi. Abiria wa jirani aliniuliza kama naumwa jino.

Nilishuka Bunda, nikapata gari la kwenda kijijini. Dada anaishi palepale kwa wazee, hatua chache kutoka majini. Mume wake alifariki, watoto wametawanyika mijini, na yeye anaanika dagaa. Nilimkuta ameinama juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, anawageuza kwa mkono.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. He! Wewe huyu? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukusalimia."

"Katikati ya muhula?" Akanitazama tumboni, halafu machoni. "Umegombana na shemeji?"

"Hapana, dada."

"Basi vua viatu unisaidie, wingu lile linakuja."

Kwa hiyo msamaha ulichelewa. Tulikusanya dagaa kwanza, tukawaingiza ndani, na mvua yenyewe haikunyesha. Tukala ugali na sato wa mchuzi. Alinipa habari za misiba yote na ndoa zote. Ilipofika alasiri tulikuwa tumekaa kwenye mkeka barazani, tunachambua dagaa, mchanga huku na dagaa kule, nikaona sasa. Nikaweka mikono magotini.

"Dada, nimekuja kwa jambo moja. Nimekuja kukusamehe."

Aliendelea kuchambua kidogo, kama mtu anayesubiri sentensi iishe.

"Kunisamehe mimi?"

"Ndiyo. Kwa ile sukari."

"Sukari ipi?"

Nikamweleza. Mama yuko Ukerewe, kopo la mchungaji, ufunguo wa shingoni, fimbo. Nikamwambia simlaumu, kwamba naye alikuwa mtoto aliyebebeshwa mzigo wa mtu mzima, na kwamba nimeelewa hasira yangu ilikuwa imejificha miaka yote hii na sasa nimeitoa. Nilikuwa nimefika kwenye neno "jeraha" nilipoona mabega yake yanatikisika. Nikadhani analia, nikanyoosha mkono nimshike. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka sinia la dagaa likamwagika miguuni, akajifuta machozi kwa upindo wa kitenge.

"Umepanda basi kutoka Mwanza," alisema, "kuja kunisamehe mimi. Kwa sukari uliyokula wewe."

"Mimi sikula, dada."

"Ulikula."

"Nilisingiziwa."

"Hakuna aliyekusingizia. Hakuna hata aliyekuuliza." Sasa hakuwa anacheka. "Siku ile nilikuwa na homa, nimelala mchana. Nikasikia vidole shingoni. Nikajua ni wewe, nikadhani unanishikashika kwa kunipenda, maana tangu mama aondoke ulikuwa hutaki kuniachia. Nikalala. Nilipoamka kamba ilikuwa kifuani kwangu, imefungwa fundo la ajabu, na wewe uko nyuma ya jiko, sukari imekujaa kidevu kizima. Na baba huyo anapanda kutoka ziwani. Ndipo nikakushika kidevu, nikakufuta kwa mate na kitenge, haraka haraka, asikuone."

Nikaanza kuokota dagaa waliomwagika, nikiwarudisha kwenye sinia.

"Aliyechapwa ni mimi," alisema. "Ufunguo ulikuwa kwangu, angemchapa nani mwingine? Wewe ulikuwa umesimama mlangoni unakula mhogo."

Ningependa kusema kwamba hapo nilimwangukia miguuni. Sikumwangukia. Mimi ni mtaalamu. Nikakohoa, nikamweleza dada yangu, kwa upole sana, kwamba kumbukumbu ya binadamu si ya kuaminiwa, kwamba miaka ikipita akili hupanga mambo upya ili mtu ajisikie vizuri, na kwamba inawezekana kabisa, bila yeye kukusudia, akawa amejiweka mahali pangu.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Haya," alisema. Akarudi kuchambua.

Nami nikarudi kwenye fungu langu. Niliona amenielewa, nikaanza hata kumwonea huruma. Halafu, nikiwa nimeshika dagaa mmoja ambaye kichwa chake kilikuwa kimekatika, likanijia jambo dogo lisilo na maana yoyote: kwamba ule mhogo ulikuwa wa moto. Ulikuwa wa moto na nilikuwa nikiupuliza. Nikasikia chumvi yake. Nikaona mkono wangu mwenyewe ukiwa umeshika kizingiti, na mbele yangu, uani, miguu iliyokuwa ikirukaruka, nayo ilikuwa mirefu. Haikuwa miguu ya mtoto wa miaka saba. Na ile sauti iliyokuwa ikilia kwamba sijala sukali, sijala sukali, ilikuwa sauti ya msichana mkubwa.

"Dada," nikasema, "kwa nini hukumwambia baba?"

"Nimwambie nini? Ulikuwa na miaka saba. Mama hayupo."

"Na mimi niliomba radhi?"

"Uliacha kuongea na mimi." Alipepeta sinia, mchanga ukaruka. "Mwezi mzima. Nikikuita unakimbia. Ukanichukia kabisa. Nikawa najiuliza nimemkosea nini huyu mtoto."

Nilisema samahani. Nilisema vibaya, kwa sauti ya puani, huku nimeshika dagaa asiye na kichwa. Katika mapumziko yale yote sikutumia neno lolote la kitaalamu baada ya hapo. Dada alinitazama, akasema niache kulia juu ya dagaa, wataharibika.

Nilikaa kwake siku tatu. Ya tatu nilikuwa nimeshapata nguvu ya kujieleza mambo. Kumbe sikuwa nimehamisha hasira tu. Hatia yangu mwenyewe niliitoa kwangu, nikambandika aliyebeba adhabu yangu, halafu nikamchukia kwa kuibeba. Ni njia ya nafsi kujilinda, nayo ina alama zake kwenye mtihani. Tofauti ni kwamba safari hii mishale yote ilinielekea mimi, na sikuona haja ya kalamu za rangi.

Niliporudi chuoni jambo la kwanza lilikuwa azimio la kazi. Niliamua nitalipeleka siku hiyo hiyo, lililo sahihi. Nikafungua droo ya chini ya meza yangu kutafuta bahasha. Juu kulikuwa na majaribio ya wanachuo ambayo nilikuwa sijayarudisha. Nikayainua. Chini yake palikuwa na rimu ya karatasi, imefunguliwa, imetumika theluthi moja hivi.

Niliitazama kama mtu anayetazama nyoka. Halafu nikaanza kukumbuka, kwa mwendo wa konokono: siku kabati lilipokuwa wazi kidogo, makamu akiongea na mgeni mlangoni, mimi nikihitaji kuchapa majaribio hayo hayo, nikijiambia nitasaini baadaye. Mwenzangu wa hisabati alikuwa akinitazama kutoka meza ya pili.

"Umeona nini?" akauliza.

"Sukari," nikamjibu.

Nikaibeba rimu kwa mikono miwili mpaka ofisini kwa makamu. Nikaweka juu yake azimio la kazi. Nikamwambia ni mimi. Nilisema sikuwa najua kwamba ni mimi, na nilipojisikia nikilisema hilo, nikaona ni afadhali ninyamaze.

"Najua," alisema makamu. "Nilikuona ukiichukua."

"Uliniona?"

"Nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Nikajua utasaini." Akafungua daftari, akalizungusha upande wangu, akanipa kalamu. "Hapa."

Nikasaini. Akalifunga. Akaanza kupitia azimio la kazi, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari, na mimi nikabaki nimesimama kama mwanafunzi.

"Na ile sukari, mwalimu?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Kama si siri."

Nikamsimulia. Nilisimulia kwa kifupi, na nilijitahidi kuifanya ichekeshe, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba inachekesha ukiisimulia haraka. Homa, vidole, kidevu, baba, mhogo. Hakucheka. Alikuwa ameacha kusoma.

"Mimi pia ni kifungua mimba," alisema. "Sisi wa kwanza tulichapwa sana."

Kisha akapandisha miwani, akaniambia wiki ya sita nimeandika mara mbili na ya saba haipo.

Hatukuwa marafiki, nisije nikadanganya. Bado zile funguo zinanikera, na sasa sina tena wa kumsingizia, nakereka tu kama watu wengine. Lakini naweza kukaa naye meza moja wakati wa chai, na siku moja alinipa nusu ya andazi lake bila sababu.

Likizo ya Juni dada alikuja kukaa nasi Buhongwa wiki mbili. Alikuwa na miadi ya macho hospitalini, na mume wangu akaomba ruhusa kiwandani ili ampeleke mwenyewe. Walipatana haraka, kama watu wawili waliowahi kufungwa gereza moja. Asubuhi ya pili, tukiwa mezani, dada akasema ameota.

"Nimemwota mama," alisema. "Anapita barabarani hapo nje, ana kikapu. Namwita, hasimami. Ananipungia tu, anasema anawahi kivuko."

Mume wangu aliacha kutafuna. Alinitazama kwa jicho la mtu aliyeona moshi unatoka kwenye mtambo.

Nami, nakiri, tayari nilikuwa na maana tatu za ndoto ile, na moja kati ya hizo ilikuwa nzuri sana. Nilihisi inavyopanda kooni. Nikachukua chupa ya chai, nikammiminia dada, nikajimiminia na mimi, mpaka ikashuka.

"Alikuwa amevaa nini?" nikamuuliza.

Dada alifikiri, mikono yake ikiwa imekumbatia kikombe. "Lile gauni la kijani," alisema. "La mifuko miwili. Nilikuwa nimelisahau kabisa."

Akaanza kunieleza jinsi lilivyoshonwa, na mimi nikamsikiliza.